Kahawa Hukataliwa Mara Mbili

Mimi si mtu wa kukaa. Muulize yeyote hapa Lillsele atakwambia: Elvy Norberg hata akiketi, magoti yake yako njiani. Marehemu mume wangu, Arvid, alikuwa akisema nitazikwa nimesimama. Naosha chombo kabla hakijachafuka, nafika kituoni nusu saa kabla ya basi, na mtu akivuta maneno namalizia sentensi yake mimi mwenyewe. Sasa nieleze wewe ilikuwaje Jumanne ile ya Oktoba nikajitia adabu, nikanyamaza, katika dakika ile moja ya maisha yangu ambayo nilipaswa kuruka kama nimekalia kaa la moto.

Sixten Lidström ni jirani yangu. Tangu tumzike Arvid, miaka sita, alikuwa anakuja jikoni kwangu mara mbili kwa siku kunywa kahawa, saa nne asubuhi na saa nane mchana. Mkewe alitangulia zamani. Sixten mwenyewe alikuwa mtu wa mto, mmoja wa wale waliosukuma magogo majini hadi viwandani kule pwani, mpaka malori yakaja na mto ukakosa kazi. Yeye akabaki na kiuno kibovu na maneno machache.

Kuja kwake kulikuwa hivi. Anafungua mlango, anasimama pale pale, anavua kofia. Namwambia karibu kahawa. Anasema, "Aa, usijisumbue kwa ajili yangu, nilikuwa napita tu." Unapita kwenda wapi, bwana, na barabara inaishia kwangu? Namwambia tena, birika liko motoni. Anasema basi, labda nusu kikombe, lakini si lazima. Namwambia mara ya tatu, "Sixten, kaa." Ndipo anakaa. Halafu anakunywa vikombe vitatu, na kila kimoja anakikataa mara mbili kwanza.

Ndivyo tulivyolelewa wote. Mtoto aliyepokea kitu mara ya kwanza alifinywa na mama yake chini ya meza. Na mwenye nyumba asiyebembeleza alikuwa bahili, na sifa zake zilifika vijiji vitatu kabla sahani hazijakauka. Mgeni naye haombi. Hata akiwa na njaa ya kufa, anaangalia dirishani na kusifu hali ya hewa.

Jumanne hiyo nilijua kuna jambo kwa sababu hakugusa jibini. Huwa namkatia vipande vya jibini jeupe ndani ya kikombe, kahawa inamiminwa juu yake, na mwisho anaviopoa kwa kijiko kimoja kimoja. Siku hiyo aliviacha. Akamimina kahawa kwenye kisahani, kama wanywavyo wazee wa huku, akaweka bonge la sukari kati ya meno, akasahau kunywa.

"Nimeuza nyumba," akasema.

"Umeuza nini?"

"Nyumba. Watu wa Stockholm. Wanataka mahali pa kuja kiangazi."

"Na wewe utalala wapi, juu ya mti?"

"Ann-Mari ana chumba." Huyo ni binti yake, yuko Göteborg, ukivuka nchi nzima. "Ghorofa ya tano. Nitaondoka Jumamosi, basi la saa nne."

Nilihisi kama mtu amenivuta mkeka miguuni. Lakini nikajikaza kisabuni, nikasimama kuchukua birika, maana kisahani chake kilikuwa kinapoa. Akakitazama kile kisahani kama kuna maandishi ndani yake.

"Nilikuwa nafikiri tu," akasema. "Kile chumba chako cha juu. Kama kingekuwa kitupu. Mtu angeweza kupasua kuni, kuondoa theluji. Asingekuwa mzigo mkubwa."

Kwa nini nisiseme ukweli? Nilimpenda. Nilimpenda kwa miaka minne, tangu asubuhi moja alipokuja na homa, akakaa anatetemeka mezani kwangu kwa sababu, alisema, nyumbani kahawa haina ladha. Na sasa ameyasema. Mdomo wangu ukafunguka, na unajua ulitoa nini?

"Aa, Sixten, usijisumbue na huku kwetu. Göteborg hakuna baridi kama hii."

Ilikuwa ya kwanza tu! Ya kwanza ni ya adabu, haina maana yoyote, hata ng'ombe wa hapa wanajua. Nikasimama na birika mkononi nikisubiri aniulize ya pili. Ya pili ningelegeza kidogo. Ya tatu ningesema haya, kama huna pengine. Nilikwisha panga hata shuka.

Sixten akaitikia kwa kichwa polepole. "Ni kweli pia," akasema. Akanyanyuka, akavaa kofia, akasema ahsante kwa kahawa, akatoka. Hakutaka hata kikombe cha pili.

Kesho yake saa nne alikuja kama kawaida. Usiku sikuwa nimelala, nilikuwa nimesugua chumba cha juu, nimefua mapazia, nimeoka maandazi ya iliki ya kutosha jeshi. Nilimwambia karibu, akakataa, nikabembeleza, akakataa, nikabembeleza, akakaa. Kila kitu kilikwenda kwa mwendo wake. Nikaona sasa ndipo atakaposema. Akasema theluji itawahi mwaka huu. Nikasema ndiyo. Akasema amemwona swala mkubwa wa msituni karibu na daraja. Nikasema eti nini? Jike au dume? Yaani nilikuwa nakaribia kumrukia shingoni, halafu ninauliza jike au dume!

"Dume," akasema.

"Mh," nikasema.

Nilimmiminia cha tatu bila hata kumbembeleza, nimwongezee dakika. Akaona haya, akakinywa haraka, akaondoka. Mchana saa nane hakuja. Nilisimama dirishani hadi birika likaungua chini.

Alhamisi hakuja kabisa. Sasa mimi nikafanya nini, nikafunga mkate wa kusukuma kwenye kitambaa, nikavuka uwanja nikiwa na kisingizio changu mkononi. Nyumba yake ilikuwa masanduku tu. Jiko limezimwa, viti vimekwenda. Sixten alikuwa katikati ya jikoni, ananitazama kwa aibu ambayo sijawahi kuiona usoni mwa mtu mzima.

"Elvy," akasema, "birika nimelifunga. Sina hata kikombe."

"Si kitu, si kitu."

"Ungekuja jana, ningekuwa nalo."

Tukabaki tumesimama. Nakuambia, watu wawili ambao wamezungumza kila siku kwa miaka sita hawakuwa na neno. Hakuna cha kumimina, hakuna cha kukoroga, mikono haijui iende wapi. Mtu aanze vipi kusema la moyoni bila kitu cha moto mbele yake? Nikaweka mkate juu ya sanduku. Nikasema kitambaa nitakichukua siku nyingine. Siku gani nyingine, mwanamke? Lakini ndivyo nilivyosema, nikarudi nyumbani mbio mbio kama nimeiba kitu.

Ijumaa nilikwenda kwa Hjördis, ng'ambo ya barabara. Hjördis ana miaka sabini na mbili, ana mdomo, na hana siri. Lakini nilikuwa nimefika pabaya, ningemwambia hata mbwa. Nikamweleza yote kabla hajamaliza kunisukumia sahani ya biskuti.

Aliweka kikombe chini. "Subiri kwanza. Amekuuliza?"

"Amesema chumba cha juu, kama kingekuwa kitupu."

"Kwa Sixten huko ni kupiga magoti, shoga. Na wewe ukasemaje?"

"Nikasema asijisumbue. Ilikuwa ya kwanza, Hjördis! Yeye ndiye anayetoa, yeye ndiye wa kubembeleza!"

"Mjinga wewe." Alisema hivyo hivyo, bila kupaka asali. "Nani anatoa? Pale mezani mgeni ni nani, wewe au yeye? Mgeni haombi. Huyu mtu maisha yake yote hajawahi kuomba hata chumvi. Ameomba mara moja, amejivua nguo mbele yako, na wewe umemwambia vaa, kuna baridi."

Sikuwa nimeliona hivyo. Yeye anasubiri kwa adabu yake, mimi nasubiri kwa adabu yangu, na basi ni kesho.

"Nenda sasa hivi," akasema Hjördis. "Mwambie."

"Na kama alisema tu kwa heshima? Watu husema mambo. Nitaweka wapi uso wangu?"

"Utakufa na tai shingoni, Elvy. Na mimi nitakuja kwenye maziko yako, ninywe kahawa, nile biskuti za aina saba, niseme: masikini, alikuwa na adabu sana."

Nilitoka nimekasirika. Nilifika mpaka langoni kwa Sixten. Taa ilikuwa inawaka. Nilishika komeo, nikaliachia, nikalishika tena. Kivuli chake kikapita dirishani amebeba godoro mgongoni. Nikageuka nikaenda kulisha kuku, na nilikwisha walisha.

Jumamosi asubuhi theluji ya kwanza ikaanguka. Nilijiambia sitatoka. Nilijiambia mtu akitaka kwenda aende, njia nyeupe. Nikaweka birika motoni saa tatu na nusu, kwa mazoea tu. Nikaliondoa. Nikalirudisha. Nikafagia jikoni palipofagiliwa. Saa nne kasorobo nikasikia basi linateremka kilima, na hapo kitu kikakatika ndani yangu. Sikuvaa koti. Nilitoka na aproni na viatu vya ndani, nikakimbia kwenye theluji, mwanamke wa miaka hamsini na tisa, nywele zimefunguka, Hjördis yuko dirishani anapiga kioo kwa furaha.

Basi lilikuwa limesimama kituoni, karibu na jukwaa la madebe ya maziwa. Masanduku mawili yalikwisha ingia tumboni mwa basi. Sixten alikuwa ameweka mguu mmoja kwenye ngazi. Gotthard, dereva, anamkatia tiketi.

"Sixten!" Pumzi hazikutosha. "Sixten, baki."

Akageuka. Akaniangalia viatu, akaniangalia uso. Na unajua alisema nini? Naapa simsingizii.

"Aa, Elvy. Usijisumbue kwa ajili yangu."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kuokota donge la theluji nimpige nalo kisogoni. Ndani ya basi watu wakageuza shingo. Kulikuwa na bibi mmoja kiti cha mbele, kitambaa cha kichwa kimefungwa chini ya kidevu, akaacha kufuma.

"Chumba cha juu nimekisafisha," nikasema. "Mapazia nimefua. Kitanda kimetandikwa tangu Jumanne."

"Itakuwa kazi nyingi kwako," akasema Sixten, lakini mguu ukashuka ngazi moja.

Gotthard akatazama saa yake. "Jamani, mimi nina ratiba."

"Mwache," akasema yule bibi. "Ni mara mbili tu hizo."

"Hata mimi nimehesabu," akasema mtu wa nyuma.

Basi zima linahesabu! Nikasikia damu inapanda mpaka masikioni. Nikafikiri, Elvy, sasa hivi au hapana, na ukisema kwa adabu tena umekwisha.

"Sixten Lidström," nikasema, na sauti yangu ilifika mpaka mtoni, "sikuombi ukae kwa heshima. Sikuhurumii. Kuni zangu nimezipasua mwenyewe miaka sita na nitazipasua nikitaka. Ninakutaka wewe. Mezani kwangu, nyumbani kwangu, mpaka mmoja wetu abebwe. Jumanne nilidanganya. Haya, umesikia, na hawa wote wamesikia!"

Sixten akasimama amekamata kofia yake kifuani. Huku kwetu kaskazini mtu akikubali kabisa hasemi ndiyo, anavuta pumzi fupi kwa mdomo, fyup, kama amemeza kitu cha moto. Nikaisikia. Fyup. Kidogo sana, lakini niliisikia, na bibi wa kitambaa aliisikia pia kwa sababu alijifuta macho na soksi aliyokuwa anafuma.

"Basi shuka, mzee, unaniingizia baridi," akasema Gotthard, akafunga mlango. Basi likapanda kilima na masanduku yote mawili, shati, suruali na birika, yakaenda Göteborg peke yake. Tulikumbuka limekwisha fika darajani. Sixten alicheka. Sijawahi kumsikia akicheka kwa sauti kabla ya siku hiyo.

Nyumbani nilimkalisha jikoni, nikaweka birika motoni, nikaenda kwenye korido kumpigia simu Ann-Mari, maana angemsubiri baba yake stesheni na kuletewa masanduku bila mtu. Alipokea upesi.

"Ann-Mari, ni Elvy. Baba yako haji."

"Amepatwa na nini?"

"Hajapatwa na kitu. Yuko jikoni kwangu. Anabaki huku."

Nikamsikia anashusha pumzi ndefu, halafu sijui alikuwa anacheka au analia. "Shangazi Elvy," akasema, "Jumanne jioni alinipigia. Akasema, nimemuuliza, amekataa. Nikamwambia baba, muulize tena. Akasema hapana, mtu akishasema hapana mwache. Nilidhani moyo wake utasimama pale pale kwenye simu."

"Mimi sikukataa!" Nilipiga kelele kabisa. "Nilisema asijisumbue. Kila mtu anajua hilo si kukataa! Hilo ni neno tu, mtu analisema huku anataka!"

"Najua, shangazi."

"Mtu akisema usijisumbue kwa ajili yangu, unatakiwa umuulize tena! Ndiyo maana yake! Anataka uulize..."

Ann-Mari aliniita mara mbili kwenye simu, nikamwambia nitapiga baadaye, nikaweka mkono wa simu chini.

Arvid alilazwa hospitali ya mjini mwisho wa Februari, mwaka ule tuliomzika. Saa ya wageni ilipokwisha, muuguzi akaniambia kwa upole kwamba nikitaka naweza kubaki, ataniletea kiti kizuri. Nikamtazama Arvid. Nikamuuliza, nibaki? Akaniangalia kutoka kwenye mto, mwembamba vile, akatabasamu kidogo. "Aa, Elvy," akasema. "Usijisumbue kwa ajili yangu. Nenda tu, utawahi basi."

Na mimi nikaenda. Nilikuwa nimekwisha vaa koti. Mimi ambaye nilimbembeleza hata muuza mafagio mpaka anywe kikombe cha tatu, sikumuuliza mume wangu mara ya pili. Alifariki kabla hakujapambazuka, hakuna mtu pembeni yake. Na miaka yote hii nilikuwa najiambia, si alisema mwenyewe niende.

Sixten alinikuta kwenye korido nimekaa sakafuni, mgongo ukutani, aproni mdomoni. Akauliza kuna nini, nikasema hakuna kitu. Akasimama. Nikaona anageuza kofia mkononi, anafikiri aniache, ndivyo tulivyozoea. Halafu akainama kwa kile kiuno chake kibovu, polepole, akakaa sakafuni kando yangu, akauliza tena.

Nikamwambia. Yote, na kiti cha muuguzi, na basi nililoliwahi. Jikoni kahawa ikachemka, ikafurika, tukaisikia inachirizika kwenye jiko na harufu ya kuungua ikaja mpaka koridoni. Hakuna aliyenyanyuka.